Sheria ya Harage

Mwezi uliopita nilikwenda Ngara kumwona kaka yangu, nikawakuta wanawe wamezunguka meza iliyojaa makaratasi, penseli na dadu zenye nyuso nyingi. Mkubwa wao, anayesoma chuo, ndiye aliyekuwa akiendesha mchezo. Mdogo akalalamika: kwa nini mlinzi wa daraja amekufa kwa pigo moja, na mtu wake yeye amepigwa mara tano na bado anatembea?

"Yule hana mchezaji," mkubwa akajibu bila kuinua kichwa. "Wasio na mchezaji wana sheria zao."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na miaka kumi, huko Kirushya, mwaka wa vita. Nikuambie ilivyokuwa, ndugu yangu, na usinihurumie kabla sijamaliza.

Wakati ule tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini kwa amri ya serikali, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama madawati. Migomba mipya ilikuwa haijafika kifuani. Bibi alirudi kila asubuhi kwenye migomba yake ya zamani, mwendo wa saa nzima, akisema mtu anahama kwa tangazo lakini mgomba hausikii tangazo. Jioni alirudi na mkungu kichwani, na harufu ya ndizi zinazochomwa ilitukuta sisi watoto tumeinamia mkeka, tukichambua maharage. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu: kutoa mawe, kutoa yaliyotobolewa na wadudu, na kusikiliza mlio wa mazuri yakianguka kwenye ungo.

Mchezo ulizaliwa hapo mkekani. Tuliuita Kijiji. Tulichora kwa mkaa nyumba, kisima, duka la ushirika na barabara ya Kasulo. Kila mtoto alikuwa na mtu wake, kipande cha gunzi chenye jina. Mimi sikuwa na mtu. Nilikuwa wengine wote: mwenye duka, balozi wa nyumba kumi, fisi, mvua. Tulirusha buni nne za kahawa, zile zenye ubapa upande mmoja. Zikilala mbili au zaidi ubapa juu, umefaulu. Zikipungua, umepatikana.

Niliandika sheria kwenye daftari, kwa wino, na nilipokosea herufi moja nilichana ukurasa na kuanza upya. Sheria nyingine nilizinakili mara saba. Mwalimu aliwahi kusema mbele ya darasa zima kwamba kazi yenye kosa moja ni kazi yenye kosa, na mimi nililibeba neno hilo hadi kitandani. Basi sheria zilisema hivi: mtu wa mchezaji ana punje tatu za mahindi, akipatikana anatoa moja, akiishiwa anatoka. Wengine wote ni maharage. Harage halina jina, halina punje. Likipatikana mara moja, linatupiwa kuku.

Ilikuwa haki, nadhani. Nisingeweza kuwahesabia punje watu arobaini.

Kisha vita vikaja. Redio ya mwalimu iliwekwa dirishani na watu wazima wakasimama mbele yake wakisikiliza. Vijana waliopitia mafunzo ya mgambo wakaitwa. Rafiki yangu alikuwa binti wa jirani, na kaka yake aliondoka na wenzake ndani ya lori, akipiga mluzi kama kanga wa porini ili tucheke. Tulicheka. Mama yake hakucheka.

Tangu siku ile mama huyo alipika na kumpakulia mwanawe sahani yake kila jioni, akamwita mtoto wa nyumba ya pili aile, ili njaa isimfikie yule wa mbali. Ndivyo alivyofanya mama yake kwa waliosafiri, na mama wa mama yake. Mtoto wa nyumba ya pili nilikuwa mimi.

Na sisi mkekani tukaacha fisi na mvua, tukaanza kucheza vita. Ungetarajia nini? Nilipanga maharage mekundu upande wetu, meusi upande wa pili. Watu wa wachezaji walibaki kijijini wakipeleka chakula na habari. Askari wote walikuwa maharage.

Alasiri moja rafiki yangu alishika harage moja jekundu. "Huyu ni kaka," akasema. "Mwandikie jina."

"Hawezi kuwa na jina. Hana mchezaji."

"Nitamchezea mimi."

"Wewe una mtu tayari. Mchezaji mmoja, mtu mmoja."

Mtoto mwingine akadakia, "Mwache, harage lake bado bichi, halijaiva!" Wenzake wakaangua kicheko. Rafiki yangu hakugeuka. Alichukua gunzi lake na punje zake zote tatu akavisukuma mbele yangu.

"Basi mimi nitoke," akasema. "Mpe yeye jina langu. Mpe na punje."

Hadi hapo tulikuwa tukizungumza Kiswahili, kwa kuwa mchezo ulikuwa na daftari, na kitu chenye daftari tulikizungumza kwa lugha ya shule na ofisi. Lakini nilipokawia kujibu aliniomba kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani, taratibu, kama mtu anavyoomba moto kwa jirani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa Kiswahili.

"Sheria hairuhusu."

Nikukirie kitu. Nilijua ningeweza kuongeza mstari mmoja. Nafasi ilikuwepo chini ya ukurasa. Lakini ukurasa ule ulikuwa wa kwanza uliotoka bila kosa, na nilifikiria jinsi mstari wa ziada ungeonekana, umebanwa pale chini kama majuto.

Nikarusha buni kwa ajili ya harage lile. Moja ubapa juu. Tatu zilituonyesha migongo.

Mtoto yule wa utani ndiye aliyelitupa harage uani, kwa mazoea tu, na kuku akalimeza kabla hatujamwambia asubiri.

Rafiki yangu alisimama, akakung'uta sketi yake, akaenda kwao.

Jioni ile mama yake aliniita kama kawaida. "Njoo, mwanangu, ule cha kaka yako." Ilikuwa ndizi na maharage. Rafiki yangu alikaa upande wa pili wa jiko, akinitazama. Alikuwa hajamwambia mama yake, na nikaelewa kwa nini: kwetu msafiri hatajwi pamoja na kifo, na kulisimulia lile ingekuwa kulirudia. Nilimeza harage moja moja. Mama akasema, "Kula vizuri, ushibe, naye atashiba huko aliko."

Niliendelea kula vile msimu mzima. Nilianza kumtekea maji yule mama, nikamfulia, nikafagia uani kwake mpaka Bibi akauliza kama nimeozwa huko. Balozi ndiye aliyeleta habari za waliokufa vitani, na kila baiskeli yake ilipopanda mlima nilihesabu nyumba atakazopita. Siku moja baiskeli haikupita. Alishuka mlangoni pao, akavua kofia, akamwita mama. Nilikuwa na ndoo kichwani. Niliitua chini kabla haijaniangusha.

"Shikamoo, mama," balozi akasema.

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kwa mchango wa askari. Kila nyumba debe moja la maharage."

Mama akacheka, cheko kubwa lililokatika katikati, kisha akakaa kizingitini na kufunika uso kwa khanga. Rafiki yangu hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

Kaka yake alirudi. Alikuja kwa miguu kutoka Kasulo, amekonda, sikio moja halisikii, na mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilikimbilia kwao na moyo mwepesi kama karatasi. Nilimkuta rafiki yangu nyuma ya nyumba akimenya ndizi. Nikamwambia, "Umeona? Amerudi. Mchezo haukuwa kweli."

Aliendelea kumenya.

"Amerudi," akasema. "Lakini wewe ulikubali afe, daftari lako lisichafuke."

Hakusema kwa hasira. Tulisoma darasa moja hadi la saba, tukiazimana kalamu, na hakuwahi kukaa tena kwenye mkeka wangu. Baadaye aliolewa Runazi.

Leo mstari wa nyumba zetu haupo. Watu walirudi mmoja mmoja kwenye migomba yao, na pale tulipotandika mkeka pamelimwa mihogo. Bibi hayupo, yule mama hayupo, na sijui kama bado yuko anayempakulia msafiri na kumwita mtoto wa jirani ale. Mchezo siukumbuki kwa hamu. Nimekaa na watu wengi tangu wakati ule, kazini, kanisani, kwenye vikao vya ukoo, na mara nyingi ndimi ninayeshika daftari. Kila mmoja huomba nafasi yake. Bado sijampata mwingine aliyesukuma punje zake zote mbele yangu na kusema, basi mimi nitoke.