Mafuta Kwanza

Kifurushi kilichonifikia leo hapa Birmingham kimefungwa kwa kamba ya katani, na harufu yake imenirudisha katikati ya magoti ya bibi yangu.

Bibi alichambua nyuzi za katani kiwandani tangu enzi za wakoloni, hata vidole vyake vikapasuka, vikawa vinanasa nywele. Kabla ya kunisuka, alikuwa akininyooshea viganja.

"Nipake mafuta kwanza, mama, nisije nikakuumiza."

Nami nilipaka kila ufa polepole, naye amefumba macho.

Jioni hii binti yangu amekaa katikati ya magoti yangu, kitana mkononi. Ananiuliza kwa Kiingereza kwa nini namnyooshea mikono ambayo tayari ni laini.

"Nipake tu, mama," namwambia, nikifumba macho.