Wanawake tisa, gauni moja

Leo nimeshindwa kumwonyesha mtu mama yake.

Achieng amekuja kutoka Suna. Mama yake, Akoth, alifariki yeye akiwa mchanga.

"Jaduong', mzee wangu, nitamjua tu. Nyanya alisema alipigwa picha akiwa na gauni la maua."

Nikatoa picha zangu tisa, kila moja ya mwanamke mmoja.
Wote wamevaa gauni la maua!

Niwaeleze. Miaka ya sitini ziwa lilifurika, tukahamia shuleni Homa Bay. Akaja mpiga picha wa shirika la msaada, mimi nikiwa mkalimani wake. Kina mama wakakataa kupigwa picha na matambara. Gauni zuri lilikuwa moja, wakapokezana.

Nilicheka sana siku ile. Aliponiachia picha hizo, sikuandika jina hata moja.

Achieng bado yuko sebuleni. Anajitazama kwenye kioo, kisha anazitazama zile picha tena.

Nani anaikumbuka sura ya Akoth?