Tabia ya Bibi na Milima ya Mwalimu

Sisi tuliokulia Wadi Kabir, mtaa wetu katika mji wa Waarabu, kabla simu hazijatufunga midomo, tulikuwa na Kiarabu cha shule na Kiswahili cha nyumbani, na mpaka wake ulikuwa mlango wa jikoni. Ukiuvuka tu unapokewa na harufu ya mkate wa kumimina na sauti ya bibi akigombana na redio. Jioni tulicheza nage baina ya magereji mpaka nguo zikajaa grisi. Tukirudi tunapigwa, na kesho yake tuko palepale.

Mimi nilijiona bingwa wa insha. Basi siku moja mwalimu wetu wa Kiarabu akatuambia tuandike juu ya tabia. Kwa Kiarabu chake neno hilo ni maumbile ya dunia, na alitaka milima, mabonde na ndege. Mimi, kichwa kimejaa Kiswahili, nikaandika tabia ya bibi yangu: anavyokoroma na kukana, anavyoficha tambuu chini ya mto, na anavyocheka kwa kuvuta pumzi puani, khrrr, kama birika linalotaka kuchemka. Nikasimama kifua mbele nikaisoma. Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye akafuta machozi. Muhula mzima niliitwa Bibi Mlima.

Nilifika nyumbani nalia, nikasimulia yote. Bibi akaniweka mapajani.

"Wamekucheka nini, mwanangu? Mlima una tabia gani? Si umekaa tu! Tabia anayo mtu, kazaliwa nayo. Mie kucheka kwangu huku nnako tangu tumboni mwa mama'angu."

Kisha akacheka, khrrr, na mimi nikacheka na kamasi zangu.

Leo nakaa Qurum, upande wa wenye nazo wa mji uleule, nimenenepa, na duka la mtaa wa pili naliendea kwa gari. Binti yangu Raya anajifunza Kichina na Kikorea kwenye simu. Watoto wa siku hizi! Chai ya maziwa inammwagikia jikoni, lakini kuagiza tambi kwa Kikorea anajua. Juzi alinionyesha herufi moja: upande huu moyo, upande huu kuzaliwa. Maana yake ni kile mtu alichozaliwa nacho.

"China wanasema xing, Japani sei, Korea seong," akaniambia kwa Kiarabu, maana Kiswahili anakisikia tu, kukisema hataki. "Nchi zote hizo, mama, neno moja!"

"Na sisi tunalo," nikajibu, nimevimba. "Tabia."

"Mama! Tabia si milima na mabonde?"

Umri wote huu, na mtihani uleule umenishinda tena. Kusema kweli iliniuma. Enzi zetu nyumba nzima ilikuwa na neno hilo mdomoni kutwa. Leo nalisema peke yangu, kama mtu anayezungumza na friji. Nikataka kumweleza, ulimi ukateleza, nikajikuta namwambia kwamba mlima hauna xing, umekaa tu.

Raya akaangua kicheko. Alicheka kwa kuvuta pumzi puani, khrrr.

Bibi alifariki kabla mtoto huyu hajazaliwa. Nilimshika mashavu, nikamwomba acheke tena.