Mwenye Ubao wa Duluth

Kompyuta ya mwenye ubao ilikaa kwenye meza ya jikoni, imeunganishwa na simu pekee ya nyumba, na watu wa mji wa Duluth waliipigia kwa kompyuta zao, mmoja mmoja, kusoma na kuacha ujumbe kwenye ubao wake wa matangazo uliokuwa ndani yake. Kabla ya kujibu neno lolote la kuudhi alivikalia viganja vyake, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Mkewe, Verna, alikuwa amemwona akifanya hivyo kwa miaka sita. Jumamosi moja asubuhi mtu alimwandikia, kwa herufi kubwa tupu, kwamba yeye ni zee jinga na ubao wake ni takataka. Akaandika jibu la ukurasa mzima, akavikalia viganja, kisha akalifuta lote na kuandika: "Pole kwa kusubiri laini. Karibu tena."

"Kakutukana, nawe unamkaribisha?" Verna aliuliza. "Mfungie!"

"Nimechoka, Verna. Lakini nikimfungia, atakwenda kuongea na nani?"

Verna akanyoosha mkono achukue simu ampigie dada yake. Kompyuta ikalia; mtu alikuwa ameshaingia, na laini imeshikwa.

"Ni yule yule," mumewe alisema bila kugeuka.

Verna akaurudisha mkono, akavaa koti, akaenda kwa dada yake kwa miguu.