Bi Duara na Figo Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu mtaa mzima unaujua. Lakini siku daktari aliponiambia figo yangu ya kushoto imekufa na Jumatatu inatolewa, niliitikia "haya" tu. Nikaenda chumba cha vipimo kuchukua picha zangu.

Humo nilimkuta mama anayepiga hesabu za vipimo, wanayemwita Bi Duara. Kazi yake ni hii: ukishadungwa dawa inayong'aa kwenye picha, kamera inakupiga picha mfululizo. Yeye anachora duara kuizunguka figo, kompyuta inapima dawa iliyomo ndani ya duara, picha baada ya picha, na unatoka mstari. Mstari ukipanda vizuri, figo inafanya kazi. Wangu ulinyanyuka kidogo ukaporomoka.

Hapo hasira zikanipanda. "Siku ya kipimo mlinilaza kwenye kitanda kigumu kama jiwe! Mgongo ulinikaza mpaka nikajivuta juu, na hakuna hata aliyeniuliza una nini."

Bi Duara akaacha kuandika. "Ulijivuta, dada?"

"Nilijivuta, ndiyo! Ulitaka nife palepale?"

Alizifungua picha, akazipitisha moja moja mbele yangu. Jamani! Figo ilikuwa imeshahama, duara limebaki palepale likizunguka patupu. Alilichora kwenye picha za mwanzo, akaliacha hivyo mpaka mwisho.

"Kosa ni langu," alisema, akajishika kichwa. Kisha akaanza upya, akilisogeza duara kila figo iliposogea, nami nimemsimamia begani, siondoki ng'o. Safari hii mstari ulipanda, ukazidi kupanda.

Mkuu wa kitengo akaingia, mtu mpole aliyechoka. "Mama, mpasuaji ameshajipanga. Majibu yalishatoka, mashine imesema."

"Mashine haijasema kitu, mzee. Niliyesema ni mimi, na nimekosea. Nayafuta."

"Ukiandika hivyo, wakubwa watakufukuza."

"Wanifukuze! Kazi nitatafuta nyingine. Huyu figo nyingine ataitafuta wapi?"

Nilitamani kumbeba mgongoni. Mkuu akavuta kiti, akaanza kuziangalia picha. Bi Duara hakumsubiri. Aliandika majibu mapya, na juu kabisa akaweka wazi kwamba yale ya kwanza aliyakosea yeye. Akayapeleka kwa mpasuaji kwa miguu yake.

Jumatatu nilikuwa kwenye cherehani yangu. Yeye alipewa barua ya onyo, akaibandika ukutani juu ya kompyuta, kila aingiaye aisome. Nilipomwuliza haoni aibu, alinicheka.

Siku hizi nikienda kupimwa, mkanda wa kitandani ananifunga mwenyewe, na kuukaza anaukaza kwelikweli.

"Bi Duara, utaniua!"

"Nyamaza. Na usitikisike."

Basi mimi, na mdomo wote huu, natulia tuli, nikiwa na figo zangu zote mbili.