Nyuki wa Gari la Wagonjwa

Kila aliyefanya kazi katika mashamba ya chai upande wa Sosiot, miaka ile ya thelathini, alimjua Obiero kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai, ungesikia ko! ko! ko! kutoka karakana, na wachumaji wangeambiana, "Obiero ameamka." Alikuwa fundi wa bati. Koroboi, ndoo, mifereji ya paa la kiwanda, sufuria zilizotoboka, vyote vilipita mikononi mwake, na vyote alivishinda kwa nyundo na tindo. Sandukuni mwake mlikuwa pia na mkasi wa bati, msumeno wa chuma, hata keekee ya kutobolea, ya kuzungusha kwa mkono, lakini hizo aliziacha zilale. Ukimwuliza kwa nini, alicheka na kukujibu, "Mchagua jembe si mkulima." Utagombana vipi na mtu anayekata duara kwa tindo bila kupima, tena akiimba?

Majivuno alikuwa nayo, na nani wa kumlaumu? Alikuja kutoka kando ya ziwa na blanketi moja, akajifunza kazi kwa kutazama tu. Mtu kama huyo akitaka kujisifu, mwache ajisifu.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu. Mwaka uliotangulia, mke wake Loice Akeyo, mama wa binti yao Adoyo, alishikwa na uchungu, akapelekwa hospitali kwa gari la ng'ombe, mvua ikimiminika na magurudumu yakizama matopeni. Wakanasa kilimani. Mtoto alifia njiani, na Akeyo mwenyewe akaponea chupuchupu. Sasa alikuwa mja mzito tena, mwezi wake umetimia, na dresa wa shamba, yule mtu wa dawa na bendeji, alikuwa amesema wazi: safari hii hakuna kungoja. Uchungu ukianza tu, alazwe ndani ya gari la wagonjwa apelekwe mjini.

Gari lenyewe lilikuwepo. Lilikuwa kuukuu, la sanduku, na kuta zake za nyuma zilikuwa za bati mara mbili, bati la nje na bati la ndani, na nafasi katikati ili jua lisimchome mgonjwa. Lilikuwa limekaa bandani masika yote likingoja mipira mipya ya magurudumu. Mipira ilipofika, dereva Danson Gichuki, mtu wa Nyeri mwenye maneno mengi, alienda kuliwasha akiwa anapiga mluzi. Alitoka mbio, bila mluzi. Nyuki walikuwa wameingia kwa tundu la bolti na kujenga kati ya yale mabati mawili, palepale ambapo mgonjwa angeweka kichwa.

Obiero hakungoja kuitwa. Aliingia na nyundo yake. Fundi wa bati, kabla hajakata, hugonga kwanza asikie wapi pamejaa na wapi patupu, kama vile mama anavyogonga debe la mafuta dukani asije akauziwa nusu. Ni desturi nzuri sana kwa debe. Obiero aligonga mara moja, taratibu, akatega sikio.

Walitoka wote. Obiero alikatiza mbio katikati ya michai, kofia huku, nyundo kule, akajitupa kwenye mtaro wa maji. Danson, aliyekuwa amesimama mbali penye usalama, alipaza sauti: "Fuata nyuki ule asali, fundi! Mbona wewe ndiye unafuatwa?"

Kufika jioni jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa na mdomo umening'inia. Akeyo alijaribu kumhurumia, akashindwa, akacheka huku ameshika tumbo. "Baba Adoyo, nani amenibadilishia mume?"

Lakini Obiero hakucheka. Bila gari lile, mkewe angerudi kwenye gari la ng'ombe. Akameza majivuno yake, akaenda kwa arap Mosonik, mlinzi wa kiwanda, Mkipsigis mwenye mizinga yake ya nyuki msituni. Mzee alimtazama uso ule kwa muda mrefu.

"Ulipiga hodi?"

"Niligonga kidogo tu, mzee."

"Hii nyuki haitaki hodi ya nyundo. Inasikia na miguu. Kesho alfajiri nitakuja, baridi ikiwa bado imeishika. Lakini hakuna kuua. Asali tutagawa, nyuki ni yangu."

Alfajiri hiyo, kabla Obiero hajavaa shati, Akeyo alimshika mkono. "Imeanza," alisema.

Huko bandani Danson alikwisha kumwaga petroli kutoka tangi lililo chini ya kiti chake, akaipeleka mbali kwa debe, maana mzee angetumia moshi. Obiero alitandika gunia akapanga zana zake zote, hata zile zilizolala.

"Nyundo na tindo," Danson alihimiza. "Mara moja umemaliza. Mama anaumwa, fundi!"

Mkono wa Obiero ulikuwa umekwisha kuishika nyundo. Aliijua kazi yake: bati lingefunguka upesi kuliko kuchemsha chai. Lakini nyuki nao wangefunguka, na gari lisingeguswa na mtu hadi giza, na wa kwanza kukimbia angekuwa huyu huyu anayehimiza. Akairudisha kwenye gunia. Iliuma kuliko nyuki.

Akajaribu msumeno. Mzee aliweka kiganja ubavuni mwa gari, akamwambia avute mara moja tu, kule kwenye kona ya mbali. Bati zima likatetemeka mpaka kiganjani mwa mzee, na ndani mvumo ukapanda. Mosonik akatikisa kichwa.

Ukabaki mkasi. Mkasi hauna kelele, ila hautafuni bati usipopata ukingo wa kuanzia, na bati la ndani lilikuwa limepigiliwa pande zote. Obiero alilizunguka kwa jicho lake moja. Kisha akatabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa bado wake.

"Keekee," alisema. "Tundu, kando yake tundu, kando yake tundu, mpaka mkasi upate mlango."

"Hiyo ni kazi ya kutwa!"

"Hiyo ni kazi ya Obiero. Wewe chukua watu wa machela, kamlete Mama Adoyo. Akifika atakuta mimi nimekwisha maliza."

Aliyasema kwa sauti kubwa kama kawaida yake, na Danson akaondoka ameamini. Mzee hakuamini wala hakukataa. Alimpa mafuta ya kondoo apake ncha ya keekee isilie, akawasha mavi ya ng'ombe ndani ya kopo, akaanza kupuliza moshi polepole kwenye tundu la bolti.

Obiero aliingia, akalala ubavu sakafuni, akaanza kuzungusha. Chenga za bati zilimdondokea shingoni. Nyuki mmoja akamchoma kifundo cha mkono, na mkono ule uliozoea kupiga ukataka kuruka. Akaukataza. Aliogopa, tena sana, lakini si nyuki. Aliogopa kuharakisha. Nje kulikuwa kunapambazuka, na jua likigusa paa la banda, baridi ingekwisha na nyuki wangeamka.

Matundu yalipoungana, akaingiza mkasi. Uliuma bati kwa upole, kidogo, kidogo tena, upande mmoja, wa pili, wa tatu. Upande wa nne akauacha uwe bawaba. Akalivuta bati, nalo likaja kama mlango wa kabati. Masega yalikuwa yamening'inia humo, meusi kwa nyuki. Obiero alisogeza uso kutazama kazi yake, kama fundi yeyote angefanya, na nyuki mmoja akamchoma ukope wa jicho la kulia.

"Mzee, sioni."

"Kuona nitaona mimi. Wewe shika bati."

Mosonik akaingiza mkono mtupu hadi kwenye kiwiko. Alitoa sega baada ya sega, akizungumza Kipsigis kwa sauti ya chini, na alipompata malkia akamtia katika mzinga aliokuja nao. Wengine wakaanza kumfuata mama yao, kwa mguu na kwa bawa, bila ugomvi.

Obiero aliomba koleo. Ukingo wa bati lililokatwa ni wembe, na hapo ndipo mkewe angelaza kichwa. Akiwa haoni kitu, aliukunja ukingo wote kuelekea ndani, akiufuata kwa vidole, akirudia kila pahali palipomkwaruza, mpaka akaridhika.

Machela ikafika. Danson alirudisha petroli tangini, akachungulia ndani, akasita. "Fundi, bado kuna wengine wanatambaa humu."

"Danson," Akeyo alisema akiwa amelala machelani, "washa gari. Ninayoyasikia mimi yamewazidi nyuki."

Akawasha.

Obiero aliketi sakafuni kando yake, macho yote mawili yamefumba. Barabara iliwarusha. "Tumefika wapi?" aliuliza kila mara, na Akeyo, kati ya uchungu na uchungu, ndiye aliyemwongoza. Darajani. Penye mikalitusi. Kisha majibu yakakoma, na Obiero akaupapasa mkono wake.

"Mama Adoyo! Kile kilima bado?"

"Tumeshakipita," alisema, akamfinya mkono.

Hospitalini, muuguzi aliona kwanza uso ule, akamkamata Obiero mkono ampeleke kitandani. "Mwache huyo!" Akeyo alifoka. "Mgonjwa ni mimi!"

Wakamkalisha Obiero kwenye benchi barazani. Mtu yule wa kelele alikaa viganja juu ya magoti, akisikiliza mlango asiouona. Jua lilimpanda miguuni, likafika mapajani. Danson alikuja akakaa karibu naye.

Ndipo akasikia kilio, chembamba, cha hasira. Alisimama kwa nguvu, akaelekea upande usio wake, akagonga ukuta. Danson akamgeuza.

Walimwekea mtoto mikononi. Vidole vyake vilivyovimba vilipita taratibu kwenye paji la uso, pua, sikio moja, la pili, ngumi iliyofungwa.

"Ni msichana," Akeyo alisema.

"Mzima?"

"Si unamsikia?"

Obiero alikuwa analia, na machozi hayakuwa na pa kutokea. "Macho anayo?" aliuliza.

"Anayo," Akeyo alisema. "Na anakutazama wewe."