Kikanyagio cha Mbabula

Kwa miaka kumi na minne hakuna mbabula iliyotoka kwenye karakana ya Maman Léonie, pale Katuba, bila kupita mikononi mwa Nkandu. Majiko hayo ya makaa ndiyo yaliyompa jina. Mtaani walimwita Papa Mbabula. Kisha akaja Sephora, binti aliyetoka chuo cha ufundi, na katika mwezi wake wa nne tu Maman Léonie akasimamisha kazi ya wiki nzima ili wote wamfuate yeye.

Wateja walikuwa wakirudisha majiko, wakilalamika kwamba yanacheza. Sephora aliomba siku tano: ya kwanza kuwatazama wapishi, ya pili kila mmoja achore wazo lake, ya tatu kuchagua, ya nne kutengeneza, ya tano kuwapa akina mama wajaribu.

"Na kama inakatala?" Nkandu aliuliza.

"Tutapoteza siku tano, Papa, hapana mwaka muzima."

Alijibu kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

Jumatatu Nkandu hakwenda kuwatazama wapishi; alisema anawajua. Sephora alirudi na jambo dogo: wakisonga bukari, yaani ugali, akina mama huukanyaga mguu wa jiko lisicheze, na wengi wana makovu ya moto. Nkandu akamkumbuka mke wake, mwenye kovu juu ya kidole gumba cha mguu. Alikuwa ameliona miaka yote, asiulize limetoka wapi. Badala ya kujilaumu, akamchukia msichana.

Jumatano michoro ilibandikwa ukutani bila majina, kila mtu aweke alama ya chaki kwenye mmoja. Nkandu aliweka yake kwenye mchoro wake mwenyewe: jiko lilelile, chuma kizito zaidi. Alama hiyo ikabaki peke yake. Sita zilikwenda kwenye jiko lenye kikanyagio pembeni, mbali na moto. Majina yalipotajwa, Maman Léonie alicheka, akamshika Sephora bega. La Nkandu halikuwa limewahi kushikwa hivyo.

Alhamisi akapewa yeye kazi ya kuchomelea. Kikanyagio kilitaka mshono mzima. Nkandu alichomelea nukta mbili tu, akapaka rangi juu zisionekane.

Ijumaa akina mama wawili wa kwanza walisonga vizuri, wakasifu. Wa tatu, Abigaïl, alikuwa na nguvu. Alipokanyaga, kikanyagio kiling'oka, sufuria ikapinduka, bukari ya moto ikamwagika shibiri moja kutoka mguuni pake. Sephora alimvuta kando, akaomba radhi, kisha akaenda ukutani na kubandua mchoro wake.

"Nilikosa," alisema. "Tushike plan ya Papa Nkandu."

Maman Léonie akageuka, atafute kosa lilipo. "Papa Nkandu, kosa iko fasi gani?"

Angeweza kunyamaza tu, na karakana ingekuwa yake tena. Lakini bukari ilikuwa bado inafuka mvuke karibu na vidole vya Abigaïl.

"Plan haina kosa," alisema. "Ni mi njo nilisude bibaya." Akaonyesha zile nukta mbili alizochomelea. "Na nilijua."

Maman Léonie hakupaza sauti. Alimwamuru amwombe Abigaïl msamaha, kisha achomelee upya mbele ya wote. Abigaïl mwenyewe akakikanyaga tena, akasonga hadi mwisho, na jiko halikutikisika.

Tangu siku hiyo kila kitu anachochomelea Nkandu hukaguliwa na Sephora. Hakubisha. Majiko mapya yalipendwa, na mtaani wakaanza kuyaita "ya Sephora". Nkandu akilisikia jina hilo, wivu humpanda kama kiungulia.

Sephora alipoitisha siku tano nyingine, safari hii za pasi za makaa, Nkandu alikwenda naye kuwatazama wapigaji pasi. Aliuliza maswali mengi, yote kwa akina mama. Sephora, ambaye bado hakuwa amemsamehe, hakumsemesha neno, njia nzima kwenda na kurudi.